Kamanda Aliyeokoka

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Jamani! Mtu amekimbizwa na saa tangu siku ya kwanza aliyoingia kazini, leo anastaafu, mnamfungia saa nyingine kwenye karatasi ya maua. Nimeitundika jikoni, nikaitoa betri, na sasa kwangu ni saa nne asubuhi siku nzima, saa ya chai. Asanteni sana.

Pamoja na hiyo saa mliniomba niwaandikie kidogo mambo ya kazi, maana eti nimeona mengi. Habari za kupandishwa cheo hamtazipata hapa. Niliingia nikiwa msaidizi wa wauguzi na nikatoka msaidizi wa wauguzi, ni mgongo wangu tu uliopanda, siku hizi una daktari wake binafsi. Nitawaambia nilivyoanza, na nani alinifundisha, halafu nitawaambia habari za kamanda mmoja wa wanamaji wa Japani. Sikuwahi kumwona. Alikufa kabla sijajua Texas iko upande gani wa dunia. Lakini mabosi wote walionifokea kwenye korido hawakunifunza kazi hii kama yeye.

Nilianzia Houston. Mimi ni mtu wa Voi, nikajidanganya kwamba joto nalijua. Joto la Voi unaligombeza linakaa mbali kidogo, la Houston linakuvaa mpaka ndani ya viatu. Siku ya kwanza kwenye makao ya wazee nilipewa mzee mmoja mnene, nikaambiwa nimtoe kitandani nimweke kwenye kiti. Basi nikamkumbatia kwapani, kama tunavyonyanyua watoto kwetu, nikavuta. Tulikwenda chini wote wawili, mimi chini yake. Yule mzee akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka, akaniuliza kama Afrika dansi tunacheza hivyo. Nilikaa chini pale nikiwaza nauli ya kurudi Voi.

Mume wangu alipopata kazi ya ghala huku Fort Worth, tukahamia Haltom City, nami nikaingia kwenye makao haya mnayoyajua. Hapo ndipo nilipomkuta Mama Furaha. Ninyi mlimkuta akiwa ameshastaafu, mnaona picha yake tu kwenye ubao wa jikoni. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, mfupi, mabega mapana, kiongozi wa kwaya kanisani kwao. Siku nilipofika alinivua majivuno yote kwa dakika chache. Alinifunga mimi mwenyewe ule mkanda wa kiunoni tunaoshikia wazee tunapowanyanyua, akanikalisha, akaninyanyua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika chai.

"Dada Wakesho," akasema, "mutu hanyanyuliwi na mikono. Ananyanyuliwa na magoti yako, na sauti yako. Umwambie kwanza kwenye munaenda."

Hilo la sauti mlishike. Mtu ukimnyanyua bila kumwambia, anakuwa mzito mara mbili.

Sasa, Bi Haruko. Aliletwa makaoni kwetu na mwanawe anayeishi Houston, mwanamume mpole wa tai na kompyuta. Mama mtu alikuwa mdogo kabisa wa umbo, mjane wa mwanajeshi Mmarekani aliyemtoa Japani na kumleta Fort Worth zamani hizo. Kiingereza chake kilikuwa cha Texas kabisa, na ukimkosea kinageuka Kijapani. Ndani ya wiki moja alikuwa amewashinda wasaidizi wote. Hakuna aliyeweza kumwogesha. Mmoja alitoka bafuni amelowa kuliko yeye.

Mama Furaha akanitazama, akanikabidhi taulo. "Nenda wewe. Wewe ni mu-Kenya, muko na maneno mengi."

Nilikwenda, nikauliza swali moja ambalo wenzangu hawakuuliza: kwao watu huogaje? Bi Haruko akaanza kutoa amri. Nimkalishe kwenye kigoda. Nimsugue na kumsuuza kwanza hapo hapo, nje ya beseni. Nijaze maji ya moto hadi shingoni. Ndipo aingie, na nikae kimya. Kumbe sisi tulikuwa tunamtia kwenye beseni akiwa bado na jasho lake, na kwake huo ulikuwa uchafu usiosemeka. Nikafuata amri zote. Alipokuwa ndani ya maji, macho ameyafumba, akasema, "Vizuri. Baba yangu angekupa meli."

Ndivyo nilivyoanza kumjua kamanda, siku za kuoga, mvuke umejaa, mimi juu ya kigoda na miguu yangu imevimba.

Baba yake alikuwa kamanda wa manowari, moja ya zile nyembamba za mbio zinazotangulia mbele ya meli kubwa. Aliingia chuo cha wanamaji akiwa kijana mdogo, na jambo ambalo hakuna aliyemwambia mkuu wake ni kwamba alikuwa anatapika. Kila safari, siku ya kwanza, kamanda mzima na kofia yake, ameinama kwenye ndoo. Siku ya pili anapona, anaagiza birika lake la chai, na birika halitoki mkononi hadi warudi bandarini. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza alipelekwa kusini, bahari ya Java. Mwanzoni walishinda, wakaimba. Baadaye wakaanza kushindwa, na manowari yake ikawa inabeba mchele kwenye mapipa kuwapelekea askari wenye njaa visiwani, usiku bila taa. Alilalamika kwamba amesomea mizinga akaishia kuwa dereva wa lori. Mwisho meli yake ikazamishwa, naye akarudi nyumbani na birika tu. Baada ya vita hakuna aliyetaka kamanda. Akapata kazi ya kuchochea kuni kwenye bafu la umma.

"Kutoka manowari mpaka kuni!" nikasema.

"Alisema ni kazi nzuri zaidi," akasema Bi Haruko. "Watu wanaingia kwenye maji, na wote wanatoka."

Wakati huo sikuelewa. Nilidhani ni mzaha wa Kijapani, nikacheka kwa adabu.

Upande wa pili wa korido alikaa Bwana Earl. Huyo mzee alipendwa na kila mtu, na alijua hilo. Alikuwa baharia wa Marekani wakati wa vita hivyo hivyo. Meli yao ilizamishwa huko huko bahari ya Java, akakaa kambi ya mateka hadi vita vilipoisha, na mguu wake mmoja haukupona tena. Meza yake ilikuwa ile ya dirishani, na viti vyake vilikuwa viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha kofia. Siku ya kwanza Bi Haruko alipoingia chumba cha kulia na kile kigari chake cha kutembelea, Bwana Earl aliuliza ametoka wapi. Alipojibiwa, aliweka uma chini.

"Ama yeye, ama mimi," akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Bi Haruko akageuza kigari, taratibu kama lori kwenye kichochoro, akarudi chumbani. Tangu hapo akawa anakula peke yake, kitandani, na sahani zikaanza kurudi jikoni zimejaa. Akaanza kukonda. Bosi wetu, Bi Tammy, alikuwa mtu mwema lakini alikuwa na kichwa cha ratiba. Akampigia simu mwanawe Bi Haruko, wakakubaliana: mwisho wa mwezi mama ahamishiwe makao mengine Houston, karibu na mwanawe, mahali ambapo hakuna baharia.

Mtasema, si jambo jema kuwa karibu na mtoto? Mimi pia nilimwambia hivyo. Bi Haruko akaniangalia kama mtu aliyeona mdudu kwenye wali. Mumewe amezikwa hapa Fort Worth. Kila Jumapili basi letu dogo lilimpeleka makaburini, akasimama pale, akamgombeza mumewe kwa Kijapani: kwa nini alivuta sigara, kwa nini aliuza lile gari zuri, kwa nini alitangulia.

"Nikienda Houston," akaniuliza, "nani atamgombeza?"

Nilimpenda yule bibi, nasema wazi, na wazo la kumfungia sanduku lilinichoma.

Basi siku iliyofuata ya kuoga nikamwuliza bila kuzunguka: baba yako aliwahi kuwafanyia nini hawa Wamarekani? Akaniagiza niongeze maji ya moto. Kisha akaniambia. Baba yake, vita vyote vile, alikuwa anazungumzia siku mbili tu, na alizitaja akiwa anachochea kuni, bila kumtazama mtu. Siku moja alipita watu majini. Maadui, meli yao imezama, wanapunga mikono. Alikuwa na amri ya kuwahi mahali, akapita. Siku nyingine akakuta wengine, na amri ilikuwa ile ile, na nyambizi zilikuwa karibu, zingeweza kumlipua akisimama. Akasimama. Akateremsha ngazi, kamba, mianzi, kila kitu. Watu wenyewe walikuwa wamejaa mafuta, wanateleza, hawana nguvu hata ya kushika kamba, mpaka mabaharia wake wakaruka majini kuwafunga kamba viunoni na kuwavuta.

"Mkanda wa kiunoni!" nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Kama wako."

Nilitoka pale nimejaa hiyo habari mpaka kooni. Nikaenda moja kwa moja chumba cha kufulia, mashine zote za kukaushia zinanguruma, Mama Furaha anakunja shuka. Nikapaza sauti: "Mama Furaha! Kumbe baba yake Bi Haruko aliwaokoa watu baharini!"

Akadondosha shuka. "Unasema kweli?"

"Kweli kabisa! Kamanda mzima! Baharini!"

"Eh, Mungu wangu! Mu-Japon!" Akafunga macho, akainua mkono mmoja juu. Nikasema moyoni, huyu mama ana huruma kweli. Nikarudi kazini.

Jumapili ile, mchana, tunaandaa meza, nikaona magari mawili makubwa yanaingia uwanjani. Wakashuka akina mama wa kitenge kimoja, vijana wenye ngoma, kinanda, vipaza sauti, na mchungaji aliyevaa suti nyeupe. Bi Tammy, ambaye kwake kila mwimbaji ni mgeni wa heri, akawafungulia mlango. Kabla sijauliza kitu, Mama Furaha akapita amemweka Bi Haruko kwenye kiti cha magurudumu, shada la maua mapajani, akamsukuma hadi katikati ya chumba cha kulia. Mita chache kutoka kwa Bwana Earl!

"Mama Furaha, ni nini hiki?"

"Si ulisema wewe mwenyewe? Commandant aliokoka! Na watu wengi, baharini. Ni kusema walibatizwa huko. Kanisa yote inafurahi. Tumekuya kumuimbia mutoto wake."

Herufi moja jamani! Mimi nimesema kuokoa, mashine zikaongeza K, na kamanda Mbudha akawa mlokole, tena na ubatizo wa maji mengi. Nikafungua mdomo kusahihisha, ngoma ikalia.

Waliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Wazee waliokuwa wamelala waliamka, na bibi mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu Krismasi alianza kupiga makofi. Bi Haruko akanivuta mkono.

"Wanasherehekea nini?"

"Baba yako ameokoka."

"Baba yangu amekufa."

"Ndiyo, lakini kabla ya hapo."

"Alikuwa Mbudha."

"Wameshamsamehe," nikasema. Ningesema nini?

Mchungaji akaniita mbele nitafsiri, kwa sababu Mama Furaha alimwambia mimi Mkenya Kiingereza ni cha kunywa na chai. Akasema kwa Kiswahili safi, "Tunamshukuru Mungu kwa kamanda wa Japani aliyeokoka kule baharini, wakati wa vita." Nikamtazama Bi Tammy, nikatazama kwaya, nikaona nikisahihisha hapo nitamvunjia Mama Furaha heshima mbele ya kanisa lake zima. Bahati nzuri Kiingereza ni lugha maskini, kuokoa na kuokoka vyote wanatumia neno lile lile, saved. Nikalisema haraka haraka, nikalimeza mwisho, kila mtu achague lake.

Bwana Earl akagonga meza kwa kikombe.

"Nani alimwokoa nani?" akanguruma.

Kinanda kilinyamaza. Nikamgeukia Bi Haruko, nikaona anajaribu kusimama. Nikamkimbilia, nikamfunga mkanda, nikamwambia tunakwenda wapi ingawa sikujua. Akasimama, na nikabaki nyuma yake nimeshika mkanda.

"Baba yangu alikuwa na manowari," akamwambia. "Bahari ya Java."

Bwana Earl alimtazama kwa mara ya kwanza. Kisha akasema polepole, kana kwamba anasoma maandishi yaliyofifia. Alikuwa majini tangu asubuhi, yeye na wenzake. Ikaja meli ya Kijapani, ikapita karibu, karibu kabisa, mpaka akamwona mtu juu amesimama na birika la chai. Haikusimama. Rafiki yake aliyekuwa ameshikana naye mkono akaachia baada ya hapo. Baadaye ikaja nyingine. Hiyo ikasimama, ikawavuta.

"Sasa baba yako," akasema, "alikuwa ipi?"

Mimi nyuma pale nilijua lile birika. Na Bi Haruko alilijua kuliko mimi. Alichotakiwa kusema ni neno moja tu, ya pili, akae Fort Worth, amgombeze mumewe kila Jumapili mpaka achoke. Nani angembishia? Niliomba kimoyomoyo adanganye. Nilifinya mkanda kidogo, nikidhani labda itasaidia.

"Sijui," akasema. "Baba alikunywa chai sana. Siku moja alipita watu. Siku moja alisimama. Hakuniambia ipi ilikuwa wapi. Labda alikuwa zote mbili. Labda hakuwa yoyote."

Mchungaji akaninong'oneza, "Wanasema nini?" Nikamwambia ushuhuda unaendelea. Akaitikia kwa kichwa, akainua mkono kuibariki hali.

Bwana Earl alitazama dirishani. "Yule aliyesimama," akasema, "sikumwambia asante. Baadaye kambini walitutenda vibaya sana. Nikarudi Texas, na hapa nani angetaka kusikia kwamba Mjapani alinivuta majini? Nikanyamaza. Hata mke wangu hakujua." Akafuta pua kwa leso ya karatasi. Kisha akatoa kofia kwenye kile kiti cha pili, akakisukuma kwa mguu wake mzima.

"Kaa," akasema. "Supu inapoa."

Bi Haruko akakaa. Mimi nililia mbele za watu, tena kwa sauti. Kwaya wakadhani Roho ameshuka, wakaanza upya.

Jioni tukikusanya sahani nilimkalisha Mama Furaha nikamweleza kosa. Nikamwambia ni kuokoa, siyo kuokoka, huyo kamanda hakuingia kanisani hata siku moja. Akanisikiliza mpaka mwisho huku akipangusa meza.

"Ule mutu alipita watu," akasema. "Kisha siku ingine akasimama. Kwetu tunaita hiyo kuokoka." Akachukua kitambaa chake akaenda zake.

Safari ya Houston ikafutwa, na mwanawe ndiye akaanza kuja huku. Lakini msidhani wale wawili waligeuka malaika. Kila saa ya chakula Bi Haruko alikuja na kigari chake, akafika meza ya dirishani, akapita. Anapita makusudi, uso mkavu kabisa, anakwenda hadi ukutani kutazama kalenda. Na Bwana Earl anamsubiri afike mbali, kisha anapaza sauti ile ya melini: "Mtu majini!" Hapo Bi Haruko anasimama, anageuza kigari kwa taratibu zote, anarudi kumwokoa. Waliufanya upuuzi huo mpaka Bwana Earl alipotutoka. Baada ya hapo Bi Haruko aliendelea kukaa pale pale, na kwenye kiti cha mzee akaweka ile kofia yake.

Sasa hiki ndicho nilichotaka kuwaambia, ninyi mnaobaki. Mnazijua zile taa ndogo juu ya milango, zinazowaka mtu akibonyeza kengele. Na najua mnachosemezana mkipita, maana nami nilikisema: huyo si wangu leo, wangu ni wa upande ule. Mna mikono miwili, amri mna kumi, na mnatakiwa kuwahi mahali. Ni kweli yote. Kamanda naye alikuwa na amri, na aliichochea hiyo siku moja pamoja na kuni mpaka alipokufa. Simameni. Hata kama ni kumwambia tu, nimekuona, narudi sasa hivi. Na mrudi.

Mimi mwenyewe siku ya mwisho nilitaka kuwakwepa. Keki nimekula, saa yenu nimeibana kwapani, machozi nimeyazuia vizuri, na mlango wa nje nauona. Bado chumba kimoja tu njiani, na mlango wake ulikuwa wazi. Nilijua nikiingia mle sitatoka na uso wangu. Taa haikuwaka, kwa hiyo nikajiambia hakuna aliyeniita. Nikainamisha kichwa, nikaongeza mwendo, nikapita.

Nyuma yangu, kasauti kembamba, kakavu, ka Texas na Japani pamoja: "Mtu majini!"

Nikasimama.